Mihrabu ya Kizimkazi na jiwe linalochongwa likiwa bichi

SWALI: Mimi ni seremala hapa Mombasa, kazi yangu kubwa ni milango ya nakshi. Nilipokwenda Unguja niliswali katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, na mihrabu yake imenishughulisha akili mpaka leo. Herufi ni nyembamba na kona zake safi, utadhani msaji uliopitiwa na patasi kali. Niliporudi nyumbani nikachukua kipande cha jiwe la matumbawe kutoka ukuta uliobomolewa nikakijaribu. Patasi iliruka, kona zikamegeka. Wazee wetu walitumia zana gani? Na nikitaka kuchonga fremu ya mlango ya jiwe, nitalipata wapi jiwe kama lile?

JIBU: Fundi, usiilaumu patasi yako. Zana za kazi ile hazihitaji kuwa na siri kubwa: shoka, tezo, msumeno, patasi, tupa, bikari ya kuchorea duara. Nyingi ya hizo unazo karakanani. Tofauti iko kwenye jiwe lenyewe, na zaidi iko kwenye wakati ambao jiwe liliguswa.

Kipande ulichokijaribu kimechimbwa nchi kavu. Miamba mingi ya namna hiyo katika ufuo wa Kenya na Tanzania ilijengeka chini ya maji kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki juani, na tangu hapo mvua imekuwa ikiupitia. Maji ya mvua huyeyusha chokaa mahali pamoja na kuigandisha pengine. Matundu mengi yamezibika, makombe na vipande vya matumbawe ya kila aina vimeshikamana kuwa kitu kimoja, na humo humo yamebaki mapango madogo madogo. Ndiyo maana patasi ikipiga hapa inakuta ugumu kama wa kioo, ikisogea kidogo inatumbukia. Jiwe hilo limejenga miji yetu yote ya kale, na kuta zake zimesimama mamia ya miaka. Kwa herufi nyembamba, hata hivyo, halifai.

Jiwe la mihrabu lilitoka majini likiwa hai.

Ni tumbawe la mviringo, lenye uso laini kwa macho, ambalo wanabiolojia wanaliita Porites. Utaliona ukivua kwa miwani kwenye maji mafupi: mabonge makubwa ya rangi ya udongo au ya manjano, mengine yakiwa na kilele bapa pale yalipofikia kimo cha maji kupwa na kushindwa kukua zaidi. Hukua polepole, karibu sentimita moja kwa mwaka. Bonge lenye kimo cha sentimita 60, ambalo lingetoa vipande vichache tu vya fremu, limekaa baharini miaka 60 hivi. Na kila mwaka huacha alama yake ndani, mfano wa pete za mti, kiasi kwamba wanasayansi walitoboa tumbawe moja la aina hiyo huko Malindi wakasoma joto la bahari kurudi nyuma hadi mwanzoni mwa karne ya 19.

Kwa mchongaji, jambo la maana ni vijishimo vyake. Kila mnyama mdogo wa tumbawe hukaa katika kijishimo chenye upana wa milimita moja au moja na nusu, na vijishimo hivyo vimepangana sawasawa katika bonge zima. Hakuna fundo, hakuna kombe lililojificha, hakuna mahali ambapo ugumu unabadilika ghafla. Wewe wa mbao unajua adha ya kufuata nyuzi. Msaji ukiukata kinyume unachanika. Hili huchongeka kwa usawa ukilipitia kutoka upande wowote. Mstari wa milimita tano unaweza kusimama bila kumeguka.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi, na nadhani ndilo lililokuchanganya wewe pia. Madini ya tumbawe hili si laini. Ni aragonaiti, ambayo ni chokaa iliyojipanga kwa namna yake, na kwa ugumu inaizidi kidogo kalisaiti, namna nyingine ya chokaa, iliyojaa katika jiwe lako la ukutani. Ulaini unatoka kwenye uwazi. Karibu nusu ya bonge la tumbawe hili ni nafasi tupu, na kuta zinazotenganisha vijishimo ni nyembamba mno. Ubapa wa patasi unapopita hauvunji jiwe zito. Unakata maelfu ya kuta ndogo, moja baada ya nyingine. Likitoka majini, nafasi zote hizo zimejaa maji, na jiwe likiwa limelowa hukatika vizuri zaidi. Linapokauka, chokaa iliyoyeyuka ndani ya maji hujikusanya kwenye kingo za vijishimo, hasa karibu na uso, na jiwe linakaza. Anayeliacha miezi juani kisha akaanza kuchonga atakuta jiwe jingine.

Kwa hiyo fundi wa zamani alikuwa na muda maalumu wa kufanya kazi. Ninavyoielewa kazi hiyo, ilianzia kwenye kalenda ya mwezi. Bamvua, maji yanapokupwa sana, ndilo lililofungua mwamba. Watu wakashuka kwa mitaimbo na mashoka, wakang'oa mabonge, wakayapakia kwenye vyombo na kuyaleta pwani. Ilibidi ijulikane mapema mihrabu itakuwa na upana gani na tao lake litaanzia wapi, kwa sababu hakuna faida ya kuleta jiwe bichi kabla mchoro haujakubaliwa. Wanaotazama mihrabu iliyokamilika humfikiria mchongaji peke yake, na mimi huona tunawaonea wale waliosimama majini mpaka kiunoni wakichagua bonge lisilo na ufa.

Ushahidi wa kwamba watu wa pwani walilifahamu jiwe hili mapema uko Shanga, katika kisiwa cha Pate. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale katika miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti wa Ijumaa mabaki ya misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine. Ya chini kabisa ilikuwa ya miti na udongo, ya karne ya 8. Katika karne ya 10 ukaja msikiti wa mawe, na mawe yake yalikuwa matumbawe ya baharini yaliyochongwa, yakiunganishwa kwa udongo. Baadaye ndipo mafundi wakahamia kwenye utaratibu tunaouona karibu kila gofu la pwani: mwili wa ukuta ni jiwe la nchi kavu lililolazwa katika chokaa, na tumbawe la baharini limewekwa pale tu penye kona, tao, fremu ya mlango, kidaka na mihrabu. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Jiwe ghali kwa jasho likawekwa mahali ambapo jicho litatua na mkono utagusa.

Ukirejea Kizimkazi, kumbuka kwamba kuta nyingi zinazokuzunguka ni za karne ya 18, msikiti ulipojengwa upya. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu wenye herufi za kona, kwenye mihrabu ni ya msikiti wa mwanzo, na yanataja mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ncha za herufi zimechipua majani. Mtindo huo unafanana na kazi za Siraf, bandari ya zamani upande wa Uajemi wa Ghuba, na kwa sababu hiyo wapo waliosema mchongaji alitoka huko. Inawezekana mchoro ulitoka huko, au aliyeandika herufi alisomea huko. Lakini jiwe ni la hapa, na jiwe hili halimsamehe mgeni asiyelijua: ukilikawiza, limekaza. Kufikia mwaka 1107 mafundi wa pwani walikuwa wamelikata kwa zaidi ya miaka mia moja. Mimi naamini mikono ya hapa ilihusika katika mihrabu ile, na sioni sababu ya kuwanyima heshima hiyo.

Kilwa Kisiwani walikwenda mbali zaidi, na pale jiwe likaonyesha mpaka wake. Mwanzoni mwa karne ya 14, chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, Msikiti Mkuu uliongezwa upande wa kusini kwa ukumbi mpana. Huyu ndiye sultani aliyekuwapo Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na ndiye anayetajwa katika maandishi yaliyopatikana Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, ilikuwa ikipita mikononi mwa Kilwa, na fedha za kulipa mafundi zilikuwapo. Katika ukumbi ule mpya wakasimamisha nguzo za pembe nane, kila moja imechongwa kutoka jiwe moja la tumbawe. Fikiria bonge lililohitajika, na kulitoa majini zima zima. Nguzo hizo hazikudumu. Katika karne ya 15 ukumbi ulijengwa upya kwa nguzo za mawe madogo na chokaa, na ndizo unazoziona leo chini ya kuba na matao. Tumbawe la baharini ni jiwe la kupendeza kwa kubeba nakshi. Kubeba paa zito la mawe na chokaa ni kazi nyingine.

Vitu vingine vilivyochongwa katika tumbawe ni vidogo na watu huvipita bila kuviona. Kwenye makaburi ya mnara, kama yale ya Kunduchi, na kwenye mihrabu kadhaa, utaona mashimo ya duara yaliyochimbwa kwa kipimo cha bakuli. Bakuli la kauri la Kichina au la Uajemi lilikaa humo, mdomo wake ukiwa sawa na uso wa ukuta. Mengi yameibiwa na yamebaki mashimo matupu, lakini ukitazama ukingo wa shimo utaona jinsi fundi alivyopima. Na kwenye sehemu za kutawadhia katika misikiti ya kale, sakafuni, mara nyingi yamewekwa mabonge ya tumbawe lenye mikunjo mfano wa ubongo. Hilo halikuchongwa kabisa. Liliachwa na mikwaruzo yake ya asili ili watu wasugulie miguu kabla ya kuingia. Fundi mzuri anajua pia lini asichonge.

Ukipita kwenye magofu ya mji wa kale wa Gedi, tafuta lile kaburi lenye tarehe 802 Hijria, yaani 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948, na mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kwako wewe ni karibu kuliko Kilwa, na Mnarani ya Kilifi iko njiani, penye mihrabu yenye maandishi yaliyochongwa kwa uangalifu mkubwa. Ningekushauri uende na penseli na karatasi, uchore unachokiona, usikiguse.

Kabla sijafika kwenye swali lako la pili, nikutenganishie jambo moja, maana wateja wako watakuja na picha za Lamu wakasema wanataka "mawe yaliyochongwa vile". Zile zidaka za nyumba za Lamu, safu kwa safu za visanduku vya ukutani vyenye nakshi pembezoni, nyingi zikiwa za karne ya 18, kwa sehemu kubwa ni lipu ya chokaa. Chini yake ipo kazi ya jiwe, lakini ua na mnyororo unaouona vimekatwa ndani ya chokaa iliyokuwa haijakauka. Na chokaa hiyo ni matumbawe pia. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakawasha. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi, jiwe hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali inayochemka ikimwagiwa maji. Ikishazimwa kwa maji na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ya ukaa polepole, na baada ya muda inarudi kuwa ile ile kalisaiti, yaani jiwe. Kwa maneno mengine, fundi wa zidaka aliingia katikati ya safari hiyo, kama fundi wa mihrabu alivyoingia kati ya bahari na ukavu.

Sasa utapata wapi jiwe.

La baharini usilitafute. Kung'oa matumbawe hai ni kosa kwa sheria za Kenya na za Tanzania, na hata kama isingekuwa kosa ningekuomba usifanye. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi sana kuanzia Kenya hadi kusini mwa Tanzania, na tangu hapo joto limerudi mara kwa mara. Mabonge haya ya mviringo ni miongoni mwa yanayostahimili joto zaidi kidogo kuliko mengine, kwa hiyo ndiyo yaliyobaki kuwapa samaki maficho mahali pengi. Wavuvi wa Mafia na wa Mtwara wameona uharibifu wa kuchimba matumbawe kwa ajili ya ujenzi na chokaa kwa macho yao. Fremu moja ya mlango haistahili miaka 60 ya bahari. Wala usichukue jiwe la gofu, hata kama limelala chini na mbuzi wanapanda juu yake. Magofu yanalindwa na sheria katika nchi zote mbili, na jiwe likiondolewa mahali pake, anayekuja kuchunguza baadaye hawezi tena kujua lilikuwa la mlango gani.

Kilichobaki kwako ni njia mbili, na zote naziona ni za heshima.

Ya kwanza ni jiwe la nchi kavu lililochaguliwa vizuri. Kosa la jaribio lako lilikuwa kuchukua kipande cha ukuta wa zamani, ambacho kimekauka na kukaza miaka mingi. Nenda kwenye machimbo ya Kilifi wanakokata matofali ya matumbawe kwa mashine. Omba uonyeshwe mawe ya tabaka la chini, siyo ya gamba la juu lililopigwa na jua na mvua. Tabaka hutofautiana sana; mengine ni makombe matupu, mengine ni mchanga wa chokaa ulioshikana kwa usawa, na hayo ya pili ndiyo yako. Kwaruza kwa msumari. Ukiacha mfereji mweupe bila kusukuma kwa nguvu, na mfereji huo ukawa na upana ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho, chukua. Msumari ukirukaruka, liache. Jiwe likitoka tu machimboni lina unyevu wake, kwa hiyo lichonge mapema, lifunike gunia lililolowa usiku, na lilowanishe unapofanya kazi. Utapunguza pia vumbi kifuani mwako. Mchoro wako uupanue. Jiwe hili halitakupa herufi za Kizimkazi, lakini litakupa mnyororo, ua la petali nene, na tao lenye kingo safi. Anza kwa kuondoa mandharinyuma kwa patasi pana, acha kona kali za mwisho kwa tupa.

Ya pili ni lipu ya chokaa, na kama ningekuwa wewe ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu mkono wa seremala wa nakshi unaizoea haraka. Nunua chokaa iliyozimwa na kuachwa chini ya maji kwa wiki nyingi. Ile iliyokaa zaidi hunata vizuri zaidi. Ukizima mwenyewe, funika macho na mikono, maana chokaa kali inachemka na kurusha, na ikiingia jichoni inaunguza. Changanya sehemu moja ya chokaa na sehemu mbili na nusu au tatu za mchanga mkali uliooshwa. Wa ufuoni una chumvi, na chumvi hiyo itakusukumia lipu nje baadaye. Saruji usitie. Najua kila mtu atakuambia uongeze kidogo ili ishike haraka, lakini ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, na saruji huuzuia. Maji hubaki nyuma yake pamoja na chumvi, na baada ya misimu michache ya mvua unaona lipu imetoka na uso wa jiwe umekuwa unga. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja zimeumizwa hivyo na watu waliokuwa na nia njema.

Paka tabaka la kwanza, liache likaze, kisha tabaka la nakshi lenye unene wa sentimita mbili hivi. Subiri mpaka kidole kikibonyeza kisizame lakini ukucha uache alama. Hapo ndipo pa kukata, na una saa chache tu kutegemea jua na upepo, kwa hiyo paka eneo unaloweza kulimaliza siku hiyo hiyo. Chora kwanza kwa bikari na rula, kata kwa kisu chembamba kilichoelekea ndani kidogo ili kingo zisiwe wima kabisa, kisha safisha kwa brashi yenye maji. Jaribu kwanza kwenye ubao uliopigiliwa wavu, kabla hujagusa ukuta wa mteja. Ukimaliza, tundika gunia lenye maji mbele ya kazi yako kwa siku kadhaa, ulilowanishe asubuhi na jioni, kwa sababu chokaa inayokaushwa na jua kabla haijavuta hewa ya kutosha hubaki kuwa unga.